Nimelipa Ili Nivune

Mama, Shangazi, Mjomba na wote mlioko Lushoto:

Mnakumbuka msimu wa plamu nilivyokuwa naumwa tumbo kila asubuhi ya kwenda kuchuma? Jumamosi nimeendesha gari hadi shamba la mtu hapa Michigan, nikapanga foleni, nikatoa dola zangu, nikapewa mfuko mtupu na kuambiwa: haya, kachume. Nikachuma. Juani. Nikashukuru na kushukuru. Watu wamekuja na watoto, wamevaa mashati ya mirabamiraba, wanapigana picha juu ya ngazi. Kibarua ndiye anayemlipa mwenye shamba! Mjomba, lile shamba la Soni tumelichezea; tulihitaji geti tu na mtu wa kukata tiketi.

Mwenye nyumba wangu, bibi aliyevuka themanini, hakuja kupiga picha. Yeye alikuja kuchukua mzigo. Dukani rojo ya matufaha imejaa rafuni Januari mpaka Desemba, lakini bibi huyu haamini duka; anaamini theluji. Tulirudi na makapu yenye karibu kilo 19 kila moja: McIntosh, ambayo ikiona moto inapondeka yenyewe, na Northern Spy, ngumu, ya kuokea.

Sasa kuna mashine. Ni ya chuma, unaibana kwenye ukingo wa meza kwa skrubu, ina mkono wa kuzungusha na uma wa meno matatu. Tufaha unalichoma kwenye uma, unazungusha, nalo linasogea mbele taratibu huku kisu kimoja kikilimenya na kingine kikilikata na kutoa moyo wake, yote kwa mpigo mmoja. Ganda linashuka utepe mrefu hadi sakafuni. Tufaha lenyewe ukilitazama ni zima. Ukiligusa linafunguka kama springi mpaka mwisho. Ni mbuzi ya nazi iliyosoma chuo kikuu. Tofauti ni kwamba mbuzi yetu unaikalia wewe, na hii inakalia meza. Nilizungusha mpaka bibi akanikumbusha kwamba na yeye ana mikono. Ila tufaha lisilo duara kamili hutoka limenyolewa upande mmoja, na hapo unarudi kwenye kisu. Mama, sijaacha kumenya mabonge. Mashine imenisitiri, basi.

Kisha bibi akafungua kitabu cha Wizara ya Kilimo yao, akaniuliza: nyumba hii ina urefu gani kutoka usawa wa bahari? Nikadhani anataka kuiuza. Kumbe ni sharti la mapishi! Rojo ikishaiva inatiwa chupani ingali moto, chupa zinazamishwa kwenye maji yanayochemka, na dakika zinahesabiwa kwa mwinuko. Chupa ya karibu lita moja, chini ya futi 1,000, ni dakika 20. Kati ya futi 3,001 na 6,000, ni 30. Sababu ni kwamba kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kabla hayajawa moto sawasawa. Akauliza kwetu je. Nikaifikiria ile barabara kutoka Mombo, kona na kona, abiria wa dirishani akiomba mfuko wa nailoni, nikasema ni kama mita 1,400, yaani futi 4,600 hivi. Akanitazama kwa huruma: maharage yenu yanachelewa kuiva, siyo? Shangazi, miaka yote umelaumu kuni mbichi. Kuni hazina kosa.

Matufaha yana uchachu wa kutosha, ndiyo maana maji ya kuchemka yanatosha. Maharage yangetaka sufuria ya presha, la sivyo sumu inaota humo ndani kimyakimya. Chupa haijazwi mpaka juu, unaacha nafasi ya zaidi kidogo ya sentimita moja. Kifuniko unakaza kwa ncha za vidole tu, hewa ipate kutoka. Nilikikaza kiume, nikapigwa kofi la mkono. Zikitolewa na kuanza kupoa, vifuniko vinanyonywa ndani kimoja kimoja: ti! Kisicholia, chupa yake inakwenda kwenye friji iliwe mapema. Ndiyo maana huwa naomba kimoyomoyo viwili vitatu viwe bubu.

Chupa yenyewe na pete inayokaza kifuniko hutumika miaka. Aina hii ya mdomo wa skrubu John Landis Mason aliipatia hataza mwaka 1858. Lakini kifuniko bapa ni mara moja, kisha unatupa. Unatupa! Kopo la Blue Band la Mama limeshuhudia marais watatu. Vifuniko vilivyotumika ninavyo kwenye boksi la viatu chini ya kitanda, na msiniulize vya nini.

Usiku bibi alipika matufaha yaliyobaki kwa moto mdogo, na sukari, mdalasini na karafuu, mpaka yawe mazito na meusi ya kupaka mkate. Nilikuwa chumbani. Harufu ikapanda ngazi, ikawa Idd. Nilishuka na sahani, kachumbari nimeshaikata akilini. Nikafunua sufuria: matunda. Nikapewa kijiko, ni tamu kweli. Kwenu ilikuwa saa nane usiku, simu nikaishika tu.

Mjomba, umesikia ninakunywa. Ni maji ya matufaha yaliyokamuliwa, huku huitwa cider, ya hudhurungi, hayajachujwa, yanauzwa mashambani kwa galoni pamoja na maandazi yenye tundu. Yasiyochemshwa, tangu 1998 sheria inataka yaandikiwe onyo la vijidudu kwa watoto, wazee na wagonjwa. Ile juisi ya miwa ya Mombo ingeandikiwa kitabu kizima. Yakiachwa yanachacha na kuwa kitu kingine, na dukani kileo kinauzwa kwa jina hilohilo. Ya bibi tunayachemsha na kuyafungia chupani siku ileile. Mpwa wako ni mzima.

Desemba plamu zitaanza kumwagika njiani na kuoza kwenye ndoo. Sukari ipo, kuni zipo, mwinuko mmeshaujua. Kuna mgeni wa Tanga anarudi mwezi ujao, nimempa dazeni za vifuniko vipya na chupa moja ya rojo. Rojo ni ya Mama. Mjomba akitaka kuonja, anuse kwanza, roho yake itulie.