Jinsi ya Kusubu Risasi za Gobore Jikoni kwa Mkeo

Kiswahili kilimaliza ubishi zamani: madini yenyewe ni risasi, na kinachotoka kwenye mtutu nacho ni risasi. Basi wewe wa Laela, Rukwa, uliyerithi gobore la babu unajiona tayari una nusu ya kazi mkononi. Iliyobaki ni moto na uvumilivu. Moto wako, uvumilivu wa mkeo.

Anza na karatasi. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, gobore ni silaha, hata kama mtutu wake ulizaliwa bomba la maji na kitako kimefungwa mpira wa baiskeli. Linataka leseni, na kutengeneza risasi bila kibali ni kosa jingine linalojitegemea. Kama lako halina leseni, mwongozo wako unaishia hapa: nenda kituo cha polisi kwanza bila gobore, uwaambie unalo. Usilibebe begani kando ya barabara ya Tunduma saa ya mabasi ukitegemea kueleweka.

Wenye leseni tuendelee.

Mali ghafi. Ile betri mbovu iliyolala nyuma ya nyumba iache ilale. Ina tindikali, risasi yake imechanganywa ikawa ngumu, na mvuke na vumbi lake havichagui nani alipasua na nani alikuwa anapita tu. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kizima kilikuwa kikiyeyusha betri chakavu. Majirani wakabaki na sumu kwenye damu, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kiwanda kilikuwa na bomba la moshi. Wewe una jiko la mkaa na kipepeo. Tafuta chubwi za nyavu kwa wavuvi wa Ziwa Rukwa. Zikwaruze kwa ukucha: zikibaki na alama, ni laini, zinafaa.

Sasa chombo, na hapa ndipo nyumba huvunjika. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 za Selsiasi, alumini kwenye 660 hivi. Kwa hiyo sufuria ya mama watoto itavumilia vizuri kabisa, na huo ndio ubaya wake. Ingetoboka tungeitupa. Inarudi kabatini ikiwa safi kwa macho, na kesho inabandikwa maharage. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na anayeumia zaidi ni mtoto, kwenye ubongo. Kwa hiyo tumia chungu cha chuma kisichopika tena chakula, nje, upepo ukiwa mgongoni, watoto wakiwa kwa bibi yao. Kichwa cha makala haya kilikuwa chambo tu.

Wayeyushaji wa kale wa huku Ufipa, waliokuwa na malungu, yale matanuri ya udongo yanayompita mtu kimo, walikuwa na mwiko wa kulala na wake zao siku za kazi. Wewe utautimiza mwiko huo bila kukusudia, mara tu sufuria itakapotafutwa.

Usisubu masika. Tone moja la maji likifunikwa na risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke na kufutuka zaidi ya mara elfu moja, na kilichokuwa chunguni kinahamia usoni. Hiyo nayo ni kupigwa risasi, ila hospitali utaeleza kwa shida. Chubwi za ziwani zikaushe kwanza mpaka ujiridhishe, kisha zikaushe tena. Na usifanye kazi hii usiku: Rukwa, anayewasha moto uani usiku wa manane hatadhaniwa fundi. Watasema unatengeneza radi.

Kalibu nayo haikopeshwi. Bunduki za kiwandani zina vipimo. Geji 12 maana yake risasi 12 za duara zinazoenea mtutu huo hutoka kwenye ratili moja ya madini. Gobore la bomba lina geji yake peke yake duniani. Ukiazima kalibu ya jirani, risasi itakwama katikati ya mtutu, na baruti ikiwaka nyuma yake, bomba litachagua lenyewe pa kupasukia. Mara nyingi huchagua karibu na shavu. Risasi iwe ndogo kidogo kuliko mdomo wa mtutu, ivikwe kitambaa, ishindiliwe kwa mdeki. Za kwanza zitatoka na makunyanzi kama mzee aliyenyimwa pombe, kwa kuwa kalibu ni baridi. Zirudishe chunguni. Ya kumi huenda ikawa duara.

Umepata moja. Unaipiga nini? Uwanda wa juu huku ni mahindi, maharage na majani. Wanyama wako bonde la Rukwa, kwenye Pori la Akiba la Uwanda, na askari wa wanyamapori wa huko hawatumii mdeki. Amebaki nyani wa shambani, ambaye ukianza kumimina baruti yuko gunzi la pili, na ukimaliza kushindilia ameshavuka mto.

Na ile sufuria, kama ulishaitumia kabla ya kufika aya hii: itoboe kitako leo, asije mtu akaiokota jalalani akapikia. Kisha mnunulie nyingine.