Mlinzi wa Dola Nne kwa Saa

Mchezo wa video wa Five Nights at Freddy's ulipotoka Agosti 2014, mtunzi wake, Mmarekani Scott Cawthon, aliuza kitu cha ajabu: hadithi ya mauaji isiyo na msimulizi. Wewe ni mlinzi wa usiku kwenye mgahawa wa piza. Unakaa ofisini kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, unatazama kamera, na maroboti ya dubu, sungura, kuku na mbweha yanakunyatia gizani yakuue. Kisa na mkasa? Hakuna anayekueleza. Kuna vipande vya gazeti ukutani na sauti ya mtu iliyorekodiwa kwenye simu, basi. Mengine jaza mwenyewe.

Mpwa wangu amejaza hadi pomoni. Kila likizo huja kwangu na begi la nguo na shehena ya nadharia. Kwa mujibu wake, maroboti yana roho za watoto waliouawa, na muuaji ni William Afton, "yule wa zambarau, Mjomba," maana kwenye michezo huonekana kama kikatuni cha rangi hiyo, sura haieleweki. Jina lenyewe lilianzia kwenye riwaya ya mwaka 2015, na Cawthon alishaonya kwamba riwaya na michezo visiunganishwe kama vipande vya fumbo moja. Mashabiki walimsikia vizuri, kisha wakaviunganisha.

Dada yangu, yaani mama wa huyo kijana, mizimu haimshughulishi. Kazi yake ni kuandaa mishahara ya watu, na kilichomtoa macho ni hundi. Ukimaliza usiku wa tano wa mchezo wa kwanza unalipwa dola 120. Akachukua kikokotoo: saa sita kwa usiku, mara tano, saa 30. Dola nne kwa saa. Ukiongeza usiku wa sita kama ovataimu, hundi inakuwa ya dola 120.50.

"Senti hamsini!" akang'aka. "Mtu akimbizwe na dubu usiku kucha kwa senti hamsini?"

Tukamwonyesha usiku wa saba, ambapo mlinzi anapewa barua ya kufukuzwa kazi. Sababu zimeorodheshwa: kuchezea maroboti, kukosa nidhamu ya kazi, na kunuka.

"Kunuka? Kalala na maiti wiki nzima, mlitaka anukie udi?"

Hapo akawa hashikiki. Mchezo wa pili, uliotoka Novemba 2014, unatoa hundi ya dola 100.50 yenye tarehe ya mwaka 1987. Akagawanya kwa saa 30, akapata dola 3.35, ambayo ndiyo kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani mwaka huo, bila kuzidi wala kupungua hata senti. Mpwa wangu alibaki mdomo wazi. Ile dola nne ya mchezo wa kwanza ndiyo iliyoleta kigugumizi, kwa sababu kima cha chini kilikuwa dola 3.80 tangu Aprili 1990, kikapanda hadi 4.25 Aprili 1991.

"Ama walimwongezea senti ishirini kwa huruma, ama walimwibia ishirini na tano," dada akahukumu. "Waajiri nawajua. Walimwibia." Kwa hoja hiyo matukio ya mchezo wa kwanza yanaangukia baada ya Aprili 1991, na mashabiki wengi nao huyaweka mwaka 1993.

Balaa lilianza bando la mpwa wangu lilipoisha, akaazima simu yangu amjibu binamu yake. Ubishi wao ni wa kale. Mchezo wa kwanza unataja ajali ya mwaka 1987, roboti lilipomng'ata mtu kichwani. Mchezo wa nne unaonyesha mtoto akibanwa kichwa na roboti siku ya kuzaliwa kwake, watu wakasema ndiyo hiyo, mpaka wengine walipogundua runinga ya nyumbani kwa mtoto huyo ikionyesha katuni ya mwaka 1983. Kijana akarekodi ujumbe wa sauti kwa uchungu wote: mtoto aling'atwa themanini na tatu, kaka yake ndiye aliyemsukumia mdomoni, na wale watoto watano waliouawa, maiti zao hazijaonekana mpaka leo. Akautuma kwenye kundi la kamati ya harusi.

Wa kwanza kujibu aliandika "Innalillahi." Wa pili akauliza msiba uko wapi. Mweka hazina, mtu wa vitendo, akauliza tunachanga shilingi ngapi. Kisha mwenyekiti, inspekta mstaafu wa polisi, akanipigia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hao watoto watano wameripotiwa kituo gani?"

Nikamweleza kwamba ni mchezo wa kompyuta. Nilidhani atakata simu. Akauliza kama mshukiwa yupo. Nikasema gazeti la mchezoni linaeleza kwamba alikamatwa akatiwa hatiani, ila miili haikupatikana. Baadaye wazazi wakalalamika kwamba maroboti yananuka na yana kitu kama damu machoni na mdomoni.

"Polisi waliitwa?"

"Waliitwa, mzee."

"Wakayafungua wakaangalia ndani?"

"Gazeti halisemi."

Akavuta pumzi ndefu. "Hapo hakuna mzimu, kijana. Hapo kuna bahasha."

Mimi ni mhariri, kwa hiyo naona viraka. Cawthon alitoa michezo minne kati ya Agosti 2014 na Julai 2015. Mtu wa kasi hiyo hawezi kuwa alikuwa na ramani ya kila kitu. Alishona akienda, na sisi tukazisifu nyuzi zilizoning'inia kwamba ni dalili. Mchezo wa nne ulimalizikia kwenye sanduku lenye kufuli ambalo halikufunguliwa. Mpwa wangu anaapa ukweli wote umo humo. Mzee anataka hati ya upekuzi. Dada ana hakika ni stakabadhi za mishahara.

Kikao cha harusi kilichofuata, sanduku liliingizwa kwenye mengineyo na likala muda kuliko bajeti ya chakula. Shangazi wa bibi harusi, aliyekuwa kimya akimenya karanga, akanyoosha mkono.

"Mimi nauliza moja tu. Huyo mlinzi usiku wa kwanza kaponea chupuchupu. Wa pili alirudi kufanya nini?"

Watu wa 1983 na watu wa 1987 wakatazamana.

"Kodi ya nyumba," dada akajibu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyebisha.