Daftari na Dili

Katika Tram 83, riwaya ya mwaka 2014 ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, wanafunzi na wachimbaji wa migodi wanabanana ndani ya baa moja. Jiji halitajwi kwa jina, lakini sisi tunaolala karibu na bomba la moshi la kampuni ya migodi, Gécamines, hatuhitaji ramani. Lucien, mwandishi, anaingia na daftari. Requiem, rafiki yake wa zamani, anaingia na dili. Bahatisheni nani anasikilizwa. Kitabu chenyewe ni cha Kifaransa, hivyo mchimbaji anasengenywa bila habari.

Enzi ya Wabelgiji angalau kulikuwa na utaratibu wa kumpima msomi. Mwaka 1952 walileta matrikula, cheti cha Mwafrika “aliyeendelea”. Wakaguzi walikuja mpaka nyumbani kuchungulia choo na kutazama kama familia inakula kwa uma. Ukishika bukari, yaani ugali, kwa mkono, pole, ustaarabu bado uko njiani. Leo mkaguzi ni mhudumu wa baa: diploma haimhusu, anapima mfuko kwa jicho moja.

Jirani yangu ana lisansi ya historia. Anauza vocha za simu chini ya mwavuli, na vijana wenye vumbi jekundu mpaka kwenye kope wanamwita Prof, kwa heshima zote. Nilimwazima riwaya hiyo. Akairudisha siku ya tatu na swali moja tu: huyu Lucien, mwishowe alilipwa?

Kabla sijajibu, pikipiki ikasimama.

“Papa Prof, ya dola kumi. Chenji ubaki nayo.”