Kumsifu Wakame, Mlowezi Asiye na Cheti
Katika orodha mashuhuri ya viumbe 100 wageni waliohukumiwa na wanazuoni wa maumbile kuwa ni waharibifu kupita wenzao wote ulimwenguni, ambamo paka na mbuzi wamesimamishwa kizimbani pamoja na panya wa merikebu, na ambamo sangara na gugu maji, wageni wa Ziwa Victoria, nao hawakusahauliwa, limo jina la mwani mmoja laini, wenye utelezi, wa rangi ya kahawia, ambao Wajapani huuita wakame na kuutia katika mchuzi wao. Na kwa kuwa washitaki wake ni wengi, na wakili hana, nimeona ni insafu nisimame kumtetea, na nikipata wasaa nimsifu.

Nasaba yake ni ya heshima, ingawa mwenyewe hajigambi. Mtu wa pwani yetu angemdhania kuwa ni ndugu wa mwani wa Paje na Jambiani, lakini ule ni wa jamii nyekundu, na huyu ni wa jamii ya kahawia, ambayo wanazuoni wameitenga kabisa na ukoo wa mimea. Hana mizizi ya kunyonya ardhi, bali ana vishikio vya kujikamatisha mwambani, na riziki yake huipokea kwa mwili mzima kutoka majini; ana utepe mpana uliochanika kandokando, wenye mshipa katikati, uwezao kupita urefu wa mita 1; na chini, karibu na vishikio, ana marinda yaliyokunjamana, ambamo hutoka spora, mbegu zisizoonekana kwa macho, mamilioni kwa mamilioni. Ukifika msimu wa joto mwili huo wote huoza na kutoweka, na mahasimu zake hushangilia. Kumbe zile spora zimekwisha kuota zikawa vijiumbe vidogo mno, dume na jike, vinavyojificha mwambani hata gizani, vikingoja maji yapoe ndipo vikutane na kuzaa wakame mpya. Ni masultani wangapi waliozikwa kwa fahari ambao wangetoa hazina zao zote ili wapate mauti ya namna hii?

Lakini ni katika safari ambamo ubora wake hudhihirika. Kwao ni bahari za Japani, Korea na Uchina, wala hakupata kuomba kuhama. Ila Wafaransa walipoagiza chaza wa Kijapani ili wawafuge, yeye, kwa adabu ya mtu asiyependa kusumbua watu kwa mambo ya nauli, alishikamana na makombe, akaonekana katika hori ya Thau mwaka 1971. Mwaka 1983 wataalamu wa nchi hiyo hiyo wakampeleka wenyewe Brittany ili wampande, wakitumaini kwamba baridi ya maji ya kule haitamruhusu kuzaa. Akazaa. Kisha kwa ubavu wa meli na kwa maji ya farumi akaendelea, akafika Wellington ya Nyuzilandi mwaka 1987, Puerto Madryn ya Argentina mwaka 1992, na pwani ya kusini ya Uingereza mwaka 1994, na kila afikapo huanza na magati, maboya na minyororo ya nanga. Watu humwita mvamizi. Nami nauliza, kwa taadhima, ni mvamizi gani huyu aliyebebwa na mwenye nyumba mwenyewe mpaka sebuleni?

Na mezani je? Akitiwa katika maji ya moto hugeuka mara moja kuwa kijani kibichi, kwani joto huvunja kifungo cha ile rangi ya kahawia na kuiacha ya kijani, iliyokuwamo siku zote, ionekane. Ana madini joto ya kutosha kumkinga mtu na rovu, na, kwa asiyejua kiasi, ya kutosha kuisumbua tezi ya shingo yenyewe. Huko Kitakyushu, Japani, makuhani wa hekalu la Mekari hushuka baharini usiku wa mwaka mpya wa kale, wakiwa na mwenge, kumkata wamtoe sadaka. Korea, mzazi hunyweshwa mchuzi wake baada ya kujifungua, na kila siku ya kuzaliwa mtu huunywa tena. Ila mwanafunzi mwenye mtihani huukwepa, asije akateleza akaanguka. Dhana hiyo ni dhuluma tupu, maana utelezi huo watokana na alginati, ambayo mkemia Mwingereza Stanford aliitoa katika mwani wa kahawia wa Uskoti miaka ya 1880, na ambayo leo hulainisha aiskrimu na kuchukua umbo la meno yetu kwa mganga wa meno. Mwanafunzi aliyeanguka na atafute sababu nyingine.

Sikanushi kwamba akijazana huwanyima wenyeji wa mwambani nafasi na nuru. Mwaka 2000 chombo cha uvuvi kilizama katika visiwa vya Chatham, mashariki ya Nyuzilandi, naye akakutwa ubavuni mwake. Wapiga mbizi wakashuka, wakabandika masanduku ya mbao juu ya bamba za chuma, wakayapasha moto maji yaliyomo hadi nyuzi 70, kipande kwa kipande, na pasipofikika wakatumia miali ya moto humo humo majini, mpaka hakubaki hata kijukuu. Madola makubwa yamepata kuzingirwa kwa bidii iliyo duni kuliko hiyo. Ilipofika mwaka 2010, serikali ya Nyuzilandi ikatoa ruhusa ya kumlima kwa biashara katika sehemu alizokwisha kuzijaza. Naye, kwa kuwa hasomi matangazo ya serikali, hakubadili mwendo kwa lile wala kwa hili.