Barua ya Wazi kwa Walioniuzia Simu ya Nyumbani

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Kampuni ya Simu (jina nalihifadhi, nayo heshima najitahidi),
Katikati ya Jiji, Nairobi.

KUH: ZIMA, KISHA UWASHE

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka nyumbani kwa mama yangu mzee, Lavington, upande wa Kawangware, ambako stima imepotea tena, ikaondoka na ile simu mliyoniuzia ili mama asikose kunipata. Nimewapigia kwa rununu. Baada ya muziki mrefu, kijana wenu mwenye adabu akaniambia nichomoe kisanduku cha faiba, nihesabu hadi kumi, nikichomeke. Nikamwambia hakuna stima. Akasema ananielewa kabisa. Kisha akaniomba nizime, halafu niwashe.

Kila stima ikipotea, mazungumzo ni hayohayo.

Siwasifu waliotangulia. Enzi za KPTC, lile shirika la posta na simu, mtu aliomba laini akaota mvi akingoja, na hata baada ya shirika kugawanywa mwaka 1999, wezi wa nyaya za shaba walitubakizia nguzo. Ila simu ile ya waya ilipata umeme wake kutoka betri za kituo cha simu, kupitia waya uleule uliobeba sauti. Mtaa ukiwa giza totoro, yenyewe ililia. Nanyi mmetuletea sauti inayosafiri kwa mwanga, jambo la ajabu kweli, mkaichomeka kwenye soketi ya sebuleni.

Wakala wenu aliniambia nina uhuru wa kuchagua: faiba, au simu ya mezani ya kutia kadi ya laini, yenye kibetri kinachozeeka haraka kuliko mama, au nimnunulie rununu, aisikie ikilia asijue iko chini ya mto gani. Nikachagua faiba.

Sasa naomba, kwa unyenyekevu, mmpe mama tarishi. Avae fulana ya rangi za kampuni, akae langoni na askari. Stima ikipotea, mama amweleze neno, naye atimue mbio: James Gichuru, Waiyaki Way, Westlands, Museum Hill, hadi kwangu Moi Avenue, akiimba njia nzima ule wimbo wenu wa kusubirisha. Akifika Westlands bando ikaisha, ruksa aketi kando ya barabara hadi nimnunulie nyingine. Akinifikia, asitoe ujumbe kabla sijachagua lugha. Akimaliza kusema mama ameanguka, aniulize iwapo ningempendekeza kwa marafiki. Akizirai, msiwe na wasiwasi: nitamzima, kisha nimwashe.

Tukiwa hapo, msitutoze saa za giza. Na zile nguzo tupu tupeni tuanikie nguo.

Maana mama ataanguka siku moja, Mheshimiwa. Usiku, peke yake, hakuna stima. Mtamwambia ahesabu hadi kumi? Mlijua stima ya Nairobi hupotea. Mlijua, mkauza hivyohivyo, na betri ya akiba mkaiacha nje ya bei ili bei ipendeze.

Uniwie radhi. Hasira zangu nazo hukatikakatika.

Wako mtiifu, gizani,
Mteja

Nakala: Majirani wa Kileleshwa, Kangemi na kwingineko. Wakala akibisha hodi, kabla hamjatia sahihi mwambieni azime swichi kuu ya nyumba, kisha aipige hiyo simu.