Sifa za Malipo ya Jumatatu

Mteja anayechelewesha malipo husemwa vibaya mno. Sisi tunaojiajiri, maseremala wa Keko, wapiga picha za harusi wa Mwananyamala, wachora mabango wa Mbagala, tungepaswa kumchangia shada la maua.

Ametupandisha cheo. Seremala aliyefikisha meza ofisini Masaki akaambiwa "njoo Jumatatu" si seremala tena, ni mkopeshaji. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na mwaka 2024 Benki Kuu ilizitangaza hadharani programu za simu zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Sisi tumesalimika. Huenda ni kwa sababu hatutozi riba; huenda hakuna aliyewahi kudhani kwamba kampuni yenye jenereta na mlinzi getini hukopa kwa mtu anayeshuka daladala Rangi Tatu.

Tena ametusomesha. Bila yeye ningejuaje kwamba hundi hutaka sahihi mbili, na kwamba wenye sahihi hizo hawasafiri pamoja wala hawarudi pamoja? Mmoja akitoka Dodoma, mwenzake anaingia semina. Mhasibu, kijana mpole kweli, huniambia mfumo unasumbua. Siku mfumo unapopona, jambo la kwanza unalokumbuka ni kukata asilimia 5 ya kodi ya zuio. Hilo halijawahi kusubiri Jumatatu.

Nawahurumia wasioionja neema hii. Umeme wa LUKU hulipiwa kabla taa haijawaka. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele, maskini, hajui raha ya kupiga simu isiyopokelewa.

Lakini kubwa kuliko yote ni udugu. Nisipolipwa, unga na sukari nachukua dukani kwa Mangi, naye anaandika kwenye daftari lake lililoliwa na panya pembeni. Mangi hadai ankara wala risiti ya EFD. Anauliza tu, "Lini, kaka?" nami namjibu nilivyofundishwa Masaki: Jumatatu. Wale wakopeshaji wa kausha damu wangekuja kubeba televisheni. Mangi hununa, basi, na kesho yake ananipimia tena nusu kilo.

Sasa piga hesabu. Mangi ananikopesha mimi, mimi naikopesha kampuni. Kile kiyoyozi kinachowapuliza wakurugenzi wakijadili faida ya mwaka kinaendeshwa kwa mtaji wa duka la Mbagala lenye friji moja ya soda, na mwenye duka hajui kwamba ni mwekezaji.

Kwa hiyo nawaomba wakurugenzi, kwa heshima zote: kwenye mkutano ujao wa wanahisa, mwalikeni Mangi. Kiti cha mbele kinamstahili. Chai msihangaike nayo, sukari atakuja nayo mwenyewe, na daftari pia.