Sifa za Barabara Iliyoshindwa

Kati ya kazi zote za wahandisi wa Portland, jiji la jimbo la Oregon nchini Marekani, hakuna inayostahili heshima kuliko Leif Erikson Drive, barabara ya changarawe ya takriban kilomita 18 ikatizayo msitu wa Forest Park, ambayo haikutimiza hata moja kati ya makusudi ya walioijenga. Ilipochongwa mwaka 1914 na 1915 ubavuni mwa milima ya Tualatin, ikiitwa Hillside Drive, ilikusudiwa kuwafikisha wanunuzi kwenye viwanja ambavyo madalali walikwisha kuvigawa ramani­ni bila kuushauri mteremko wenyewe. Udongo wa huko ni chembe laini zilizoletwa na upepo na kulala juu ya mwamba wa volkeno, nao ukishiba mvua huteleza. Haukupita mwaka, ardhi ikaporomoka na njia ikafungwa.

Fadhila yake kuu, hata hivyo, ilikuwa ughali. Gharama zilizidi makadirio kwa mbali, na wenye viwanja wakatozwa mchango wa ujenzi, yaani malipo yanayodaiwa kwa hoja kwamba barabara imeipandisha thamani ardhi yao (hoja ngumu kumweleza mtu ambaye kiwanja chake kimehama usiku). Wengi walishindwa kulipa, viwanja vikaangukia mikononi mwa jiji, na hivyo ripoti ya msanifu wa mandhari Olmsted ya mwaka 1903, iliyopendekeza miteremko hiyo iwe hifadhi, ikapata katika tope wakili hodari kuliko ufasaha wake wote. Hifadhi ilizinduliwa mwaka 1948, na leo ina zaidi ya hekta 2,000.

Mwaka 1933 barabara ilipewa jina la Leif Erikson, baharia aliyefika Amerika Kaskazini yapata mwaka 1000, na jina limeikaa vyema, kwa kuwa naye alifika asiweke makazi ya kudumu.

Changarawe nayo ina adabu zake: humtangaza mpita njia kwa wanyama kabla hajawafikia, na humfundisha mwendesha baiskeli unyenyekevu ambao lami haijawahi kumfundisha mtu. Wapo wanaolalamikia tope linaloruka hadi mgongoni. Hao wakumbushwe kwamba barabara timamu ingewafikisha, wakiwa safi kabisa, kwenye mageti ya watu.